Kuhusu Maboksi ya Vitafunio Unayomtumia Baba Yako

Mtaa wa Tenjin, nyuma ya kinyozi Ogura,
Matsue.
12 Novemba, asubuhi.

Mpendwa mwanangu Misuzu,

Hujambo, mwanangu? Mko wazima huko Hamburg, wewe, mkwe wetu Detlef na mjukuu wetu Leni? Naambiwa baridi ya huko huingia mapema kuliko ya kwetu, na kifua chako tangu utotoni hakijawahi kupatana na baridi. Vaa soksi mbili. Usinicheke. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mvua ya majira haya unaijua mwenyewe: asubuhi jua, adhuhuri radi, jioni jua tena, na anayetoka bila mwavuli amejitakia. Jana nilipika supu ya chaza wadogo wa ziwani, nikanywa mabakuli mawili, la pili kwa niaba yako.

Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe kwenye simu. Uliniuliza: shangazi, niambie kweli, yale maboksi ya vitafunio vya afya yana faida yoyote kwa baba, niendelee kulipia kila mwezi au niache? Nami nikakujibu kwa kile kikatuni cha uso unaocheka, basi. Hukustahili jibu lile. Tangu siku hiyo sina raha. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Jana nimesafisha friji mara mbili, na hata hiyo mara ya kwanza haikuwa chafu.

Nimeona niandike, kwa sababu nikipiga simu baba yako huwa amekaa ubavuni pangu, na asipokuwepo mimi hulia, kisha hatusikilizani. Naandika huku sikio liko mlangoni. Yeye huja saa tisa kunywa chai, sasa ni saa tano na robo, na barua hii nataka iwe posta kabla hajafika. Alinikataza nisikwambie hata neno. Nilimwahidi. Sasa navunja ahadi niliyompa kaka yangu, na mwandiko wangu unauona ulivyo.

Kwanza, nilikudanganya. Mwezi wa tano uliponiuliza kama anakula, nilisema anakula vizuri, anafurahia. Nikakutumia na picha: baba yako ameshika boksi kifuani, anacheka. Alikuwa anacheka kwa sababu nilimwambia alishike wima, akaniuliza kama anapigwa picha ya kitambulisho. Boksi lenyewe lilikuwa halijafunguliwa. Hakuna hata moja lililokuwa limefunguliwa.

Ilikuwa hivi. Lile la kwanza lilipofika mwezi wa pili, alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya picha ya mama yako kwenye madhabahu ya nyumbani, akagonga kengele ndogo, akamwambia, “Kinuko, mwanao ametuma.” Unajua desturi yetu, kitu kikija humpitia kwanza aliyetangulia. Lakini boksi halikuondoka pale. La mwezi wa tatu lilipokuja akaliweka juu ya la kwanza. La nne juu ya hilo. Ikafika mahali picha ya mama yako inachungulia juu ya maboksi kama muuza duka.

Nikamuuliza, “Kaka, hivi unamlisha marehemu peke yake?”

“Yeye hana kisukari,” akanijibu.

Ndivyo alivyo. Ukimsogelea kwenye jambo lenyewe anakutolea mzaha, ukicheka amekwishakimbia.

Nadhani ulidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba ni kiburi cha fundi. Mtu amepika vitamu vya chai miaka arobaini na sita, watu wakatoka Osaka kuja kununua keki zake za maharage mekundu, halafu daktari anamwambia asiguse sukari, duka linafungwa, mke anafariki, na kinacholetwa mlangoni ni kipakiti cha karatasi chenye lozi sita na maandishi “furaha isiyo na hatia.” Aliyasoma hayo maneno kwa sauti siku moja, akaniuliza, “Kwani mimi nilikuwa nauza hatia?” Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini hakikuwa peke yake. Nitakuja huko.

Nimesimama kidogo kutazama barabarani. Hakuna mtu.

Mwezi wa nane, siku zile za kuwakaribisha wafu, nilikwenda kwake kufagia. Nikakuta maboksi sita. Nikageuza moja, nikaona vipakiti vya mwezi wa pili vinakaribia kuharibika. Hasira ikanipanda. Misuzu, nilimsema kaka yangu kama sijawahi kumsema tangu tuzaliwe. Nikamwambia, “Mwanao ana mtoto mchanga, hana mama wa kumsaidia, kazini anakwenda na usingizi machoni, na bado kila mwezi anakukumbuka. Wewe unaviacha vioze! Ungekuwa na adabu ungekula hata kimoja.”

Hakujibu kwa mzaha. Aliokota kile kipakiti nilichokuwa nimekitupa mkekani, akakiweka mfukoni. Mimi nikaondoka nimejiona nimeshinda.

Basi akaanza kula. Nilifurahi kweli. Kila nikipita naona vikaratasi vitupu kwenye kapu la taka, nikajisifu kwamba maneno yangu yameingia. Sikuhesabu vikaratasi. Ningevihesabu ningejua kwamba maboksi manne, kila moja na vipakiti ishirini, yaliisha kwa siku kumi na moja.

Usinielewe vibaya. Hakuna aliyemlazimisha kula vipakiti themanini. Lakini kitu kikiandikwa “cha afya” mbele, “bila sukari nyeupe” pembeni na “cha asili” nyuma, mtu hakioni tena kuwa ni chakula, hukiona kuwa ni dawa. Na dawa aliyoituma mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nampa vingine viwili akija kwangu, nikisema, “Chukua, hivi havina neno.” Mikono yangu hii ninayoandikia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nikaona anakunywa maji kama mchanga. Birika zima linaisha kabla sijakaa. Halafu siku moja, saa hiyo hiyo ya chai, akajimiminia maji ya moto. Akayamimina nje ya bakuli. Hakumwaga kwa bahati mbaya, Misuzu. Aliyamimina taratibu, kwa ustadi wake wote, shubiri moja kando ya bakuli, huku anazungumza nami. Maji yakamfika gotini ndipo akashtuka.

“Kaka, bakuli liko huku.”

“Naliona.”

“Huoni.”

“Basi lilikuwa huko zamani,” akasema, akajaribu kucheka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tulikwenda hospitali kwa teksi. Alilazwa siku tisa. Zile siku ulizopiga nikakwambia amekwenda kuoga maji ya moto Tamatsukuri na wazee wenzake, alikuwa wodini na sindano mkononi, na mimi nilikuwa kwenye korido nimeziba simu kwa leso usisikie vile vigari vya kugawia wagonjwa chakula vinavyolia. Nilijisikia mchawi. Lakini yeye alinishika mkono kabla ya kunikabidhi simu, akasema, “Ukimwambia ataacha kazi, atapanda ndege na mtoto mgongoni. Usimwambie.” Nikasema sawa.

Daktari Nagami ni mwanamke wa umri wako, mpole, hapayuki. Alitueleza kwamba sukari ilipanda mno, lakini lile lililoonekana machoni si la vitafunio. Ni la miaka. Mishipa nyuma ya jicho imekuwa ikivuja kidogo kidogo tangu zamani, tangu kabla hajafunga duka, na lile la kulia sasa limejaa damu. Alikuwa anaona kama mtu anayetazama kupitia chai nzito ya unga wa majani ya kijani. Kwa muda gani? Daktari akamuuliza hivyo. Baba yako akatazama dari.

“Tangu maua ya masika,” akasema.

Tangu mwezi wa nne! Na hakuniambia mimi ninayekunywa naye chai kila siku. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na katika familia hii sijui nani si mficha maradhi. Hata wewe ulivunjika kidole cha mguu kipindi kile cha mtihani ukaenda nacho shule siku tatu.

Lile jicho ni lazima lifanyiwe upasuaji. Walitaka kufanya mwezi wa kumi, ikashindikana kwa sababu sukari ilikuwa haijashuka vya kutosha. Hapo ndipo vitafunio vilipotutia hasara: vilituchelewesha. Sasa imeshuka. Upasuaji ni tarehe tano Desemba. Daktari anasema kuna matumaini mazuri ya kuona tena, si kama zamani, lakini vya kumtosha mtu kusoma gazeti na kuvuka barabara. Jicho la kushoto watalichoma kwa mwanga ili lisifuate mwenzake. Nimeandika haya haraka ili yaishe. Kaa kidogo kwanza, ukipenda, kabla hujaendelea.

Hospitalini kulikuwa na mtaalamu wa chakula, binti mmoja mwenye sauti ndogo. Aliniambia nilete boksi moja ambalo halijaguswa. Akavipanga vipakiti vyote ishirini juu ya meza kama karata, akavigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza vilikuwa saba: lozi tupu, jozi tupu, soya nyeusi za kukaangwa, mwani mkavu, na vingine vya namna hiyo. Hivyo akasema ni vyema kabisa, kipakiti kimoja kwa siku, tena ni vizuri kwamba vimepimwa kidogo kidogo. Fungu la pili kumi na tatu: embe lililokaushwa, vijibiskuti vya shayiri vilivyogandishwa kwa asali, korosho zilizochovywa kwenye shira ya mchele. Akasema, “Mama, hivi ni vitamu. Ni vitamu vizuri, lakini ni vitamu.” Kwa hiyo kumi na tatu katika ishirini vilikuwa vitamu vilivyovaa koti la daktari.

Hakuna uongo ulioandikwa kwenye boksi, nimesoma kila upande. Sukari nyeupe kweli hamna. Shira ya mchele si nyeupe.

Baba yako alikuwa amekaa kitandani anatusikiliza. Akasema, “Ile ya korosho ni shira iliyopikwa moto mkali mno. Ina uchungu mwishoni. Nilijua tangu korosho ya kwanza.”

Nikamgeukia. “Ulijua ni shira?”

“Fusae, mimi nimepika shira kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu.”

“Sasa mbona ulikula?”

Akajifunika shuka hadi kidevuni. Yule binti wa chakula akajifanya anapanga vipakiti vyake upya. Baba yako akasema, “Ulisema mwanangu anajinyima usingizi. Ningefanya nini kingine?”

Misuzu, nilitoka nikaenda chooni nikafungua bomba.

Mwisho wa mwezi uliopita, alipokwisha kutoka hospitali, nilimuuliza habari ya yale maboksi sita, kwa nini hasa hakuyafungua miezi yote ile. Si kwa hasira tena. Tulikuwa tunamenya tunda la kaki, lake robo tu kama alivyoruhusiwa. Akainuka, akaleta vile vikaratasi vinavyokuja juu ya kila boksi, vile ambavyo mtumaji huandika ujumbe wake kwenye mtandao, kampuni ikauchapa. Amevitunza kwenye kopo la chai. Kilichokuja na boksi la kwanza kimeandikwa, “Baba, heri ya kuzaliwa. Usile vitamu kwa siri, kula hivi, mimi nitajua.” Cha pili: “Baba, Leni ameota jino!” Hicho alitembea nacho. Kinyozi Ogura amekisoma, muuza samaki amekisoma, hata kijana wa benki alionyeshwa. Cha tatu: “Baba, kula vizuri, ujitunze. Misuzu.” Cha nne: “Baba, kula vizuri, ujitunze. Misuzu.” Cha tano. Cha sita. Cha saba, cha nane, cha tisa.

Alivipanga mezani kwa kupapasa. Akaniuliza, “Hii ni barua?”

“Ni salamu, kaka.”

“Ni muhuri,” akasema. “Muhuri wa posta. Mashine inanisalimia, na mimi nile ili mashine ifurahi?”

Nimefikiri sana kama niandike hayo au niyaache. Nimeyaandika, na kiti kimenishinda, nimezunguka meza, nimerudi. Si lawama, mwanangu. Najua ulivyoishi mwaka huu. Najua mtu akiwa na mtoto mchanga hata jina lake hulisahau. Uliona kuna mahali pa kujaza mara moja kisha kitu kinajiendesha chenyewe, ukashukuru, ingekuwa ni mimi ningeshukuru zaidi. Na wala yeye hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa akingoja kila tarehe ishirini, anatoka nje kabla mleta vifurushi hajapiga kengele, anachana ule mkanda wa juu kiasi cha kutoa kikaratasi tu, anakisogeza dirishani, anakisoma, kisha anaufunga tena. Baadaye macho yakawa mabaya akawa anampa kinyozi amsomee. Ogura akaona aibu, mwezi wa tisa akatunga: akamsomea kwamba umeandika Leni anatembea. Baba yako akamshukuru, akaja nacho kwangu, akasema, “Nisomee tena hiki.” Nami sikujua habari ya Ogura. Nikasoma kilichoandikwa.

Sasa swali lako. Yana faida? Nakujibu kama mtu mzima. Kwa mtu kama binti wa Ogura, anayefanya kazi ofisini mpaka jioni na chakula chake cha mchana ni mkate wa krimu, yana faida. Naye huletewa hayo hayo, huchagua mwenyewe vipakiti vya lozi na soya, hula kimoja, hufunga droo. Amepungua, ana furaha. Kwake afadhali boksi kuliko mkate. Lakini nilikwenda sokoni na kikapu, nikanunua lozi, jozi, soya nyeusi na mwani, vingi kuliko vya boksi, na nikalipa chini ya nusu ya yeni zile elfu nne kasoro unazokatwa kila mwezi. Kwa hiyo wanachouza ni kupimiwa, kufungiwa na kuletewa. Anayehitaji hayo alipe, si wizi. Baba yako hahitaji. Ana mizani ya duka na ana siku nzima.

Tena ametoa lile karai lake la shaba. Huchukua soya nyeusi, huzikaanga kavu, moto mdogo, haangalii, anasikiliza. Anasema zikikaribia kuiva hulia tofauti. Kiganja kimoja kwa siku, daktari ameruhusu. Anampelekea na Ogura, ambaye hana kisukari wala hapendi soya, lakini anakula, kwa sababu anajua alichokosea.

Kwa hiyo naomba uyasitishe maboksi. Nilijaribu mimi, nikapiga simu kwenye kampuni, wakaniambia kwa adabu nyingi kwamba anayelipa ndiye pekee anayeweza kusitisha, tena kupitia akaunti yake. Lijalo litakuja tarehe ishirini. Likishatoka lisikuumize kichwa, tutamgawia binti wa Ogura.

Na la pili sitaki kukuagiza. Sisemi uje. Nauli najua, kazi najua, mtoto najua. Sisemi pia usije. Nimekwambia tu, ili siku nyingine usije ukaniuliza, shangazi, kwa nini hukuniambia. Mama yako aliugua wiki tatu tukakuficha kwa ajili ya mitihani yako, ukafika siku ya mazishi na begi begani. Siku ile ulinitazama tu. Mimi bado natazamwa.

Misuzu, nimekatizwa. Nitakueleza.

Nilikuwa nimeandika hapo juu “natazamwa” nikasikia mlango unavutwa. Saa nane na nusu! Mvua ilikuwa imekatika, akaona bora awahi. Nikasukuma karatasi chini ya gazeti, lakini kalamu ikaanguka, ikabiringika hadi mguuni pake.

“Unaandika nini?”

“Hesabu ya sokoni.”

“Kwa wino? Tangu lini?” Akakaa upande wake wa meza. “Unamwandikia Misuzu.”

Sikuweza tena. Nimedanganya mwaka mzima, kwa simu, kwa picha, kwa vikatuni, nikawa sina akiba. Nikasema, “Ndiyo.”

“Umemwambia?”

“Yote.”

Nilingoja aondoke. Alinyoosha mkono. Nikampa. Akatoa lenzi mfukoni, akafumba jicho la kulia, akaanza kusoma kwa la kushoto, mstari kwa mstari, pua karibu iguse karatasi. Nilitengeneza chai ikapoa. Nikatengeneza nyingine. Sikujua mikono niiweke wapi, nikakunja vitambaa vya meza, nikavikunjua, nikavikunja. Alipofika kwenye habari ya vikaratasi nilijua, maana lenzi ilisimama. Nikamwambia, “Kaka, hapo nitapafuta ukitaka.”

“Umeshaandika,” akasema. Akaendelea.

Alipomaliza aliziweka kurasa sawasawa, akazigongagonga mezani kama alivyokuwa akifanya na karatasi za kufungia keki. Akanywa chai yake. Akasema si kweli kwamba mwanzo wa ugonjwa wa jicho ni maua ya masika, ni kabla, ilikuwa wakati wa theluji. Akasema Ogura ni mwongo lakini ana mkono mzuri wa kunyoa. Kisha akanirudishia ukurasa wenye habari ya daktari, akaweka kidole chake pale pale, sijui alipaonaje.

“Umekosea hapa.”

“Wapi?”

“Umeandika tarehe tano Desemba. Saa hujaandika.”

“Kwani ni saa ngapi?”

“Saa tatu asubuhi,” akasema baba yako, akiangalia bakuli lake. “Andika. Mtu anayetoka mbali lazima ajue saa.”

Nimeandika, mwanangu. Ni saa tatu asubuhi, Alhamisi. Amejilaza sasa kwenye mkeka, amejifunika gazeti usoni, na mimi natoka mbio kwenda posta kabla hawajafunga.

Msalimie sana Detlef, mwambie asiogope, hapa hakuna anayemlaumu mtu. Mbusu Leni mashavu yote mawili. Ogura na binti yake wanakusalimu, na mama Nishiko wa duka la samaki naye anauliza habari zako kila Jumamosi. Mababu wakulinde mbele na nyuma, mkate wako usikauke, na moyo wako upate mahali pa kukaa, kwa sababu wangu leo haukai.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nilipokuwa nakudanganya,

Fusae